Filimbi Ndefu ya Mwalimu Marcelino

Uyole, Mbeya
7 Julai 2024

Dada Faustina,

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu yangu ya kamwene ikufikie hapo Mlandege kabla haijapoa njiani. Sisi tunaamka. Baridi ya mwaka huu imetushika vibaya, asubuhi maji ya kwenye ndoo hayagusiki, na mtoto mdogo alikohoa wiki nzima, ila sasa anacheza. Mke wangu Tumpe anakusalimu sana. Kwenye kifurushi utakuta parachichi za kwao Tukuyu. Bado ngumu, zifunike na gazeti zitaiva. Mchele ni wa Chimala, umekobolewa kwenye mashine yetu yenyewe, pale ninapofanya kazi.

Baba hajambo? Mpe shikamoo yangu, mwambie wajukuu wake wa huku wanamtaja.

Najua umepiga simu mara nyingi tangu mwezi uliopita, na kila mara anapokea Tumpe. Simu yangu imeharibika spika, mtu akiongea namsikia kama yuko ndani ya pipa. Nitaitengeneza. Nimeona niandike, maana kifurushi kilikuwa kinakuja hata hivyo.

Nina ombi dogo. Lile sanduku la filimbi za bendi ya shule bado lipo chini ya kitanda cha Baba? Naomba unichagulie moja. Hii ndefu aliyonipa Baba siku aliyostaafu ualimu nimeipiga miaka yote, sijawahi kutaka nyingine, na kwaya ya kigango hapa wanaipenda kwa sababu sauti yake iko chini, haigombani na waimbaji. Lakini siku hizi inanichosha. Nataka ndogo kidogo, ambayo matundu yake yamekaribiana. Si lazima iwe nzuri. Matundu yakaribiane tu.

Mpe kondakta wa basi la asubuhi, na namba ya Tumpe. Baba usimuulize sana kuhusu jambo hili. Chukua tu.

Mdogo wako,
Vitus


Mlandege, Iringa
21 Julai 2024

Mdogo wangu Vitus,

Milele amina. Kifurushi kimefika, hakuna kilichopondeka. Mchele nimeupika Jumapili na jirani Paskalina akaja kuuliza harufu inatoka wapi, kwa hiyo tumekula naye. Mwambie wifi yangu asante. Huku baridi ni ile ile yetu ya Iringa, na shule zimefungua, kwa hiyo cherehani haipumziki. Nashona kaptula za khaki tu, naziona hadi usingizini. Mwanangu Anjela bado yuko chuoni Dodoma, anasema mitihani imekwisha na hela imekwisha.

Baba hajambo. Anakula vizuri. Simu haipendi tena, akisikia sauti ya mtu asiyemwona anahangaika, kwa hiyo hata mimi siku hizi naizima nikiwa ndani. Barua ni afadhali.

Nimelivuta sanduku wakati anaota jua nje. Kufuli lina kutu, nimelivunja. Filimbi zimebaki chache na nyingine zina mabaka. Vitus, umenipa kazi nisiyoijua. Baba alifundisha filimbi shule nzima, hadi watoto wa mwalimu mkuu, ila mimi mwanawe alinipa bendera nibebe, kwa sababu wasichana wa bendi walibeba bendera. Kwa hiyo nimechagua kama mtu anavyochagua nyanya. Nimekutumia yenye mdomo mwekundu wa plastiki. Bati lake bado linang'aa, na ni fupi kuliko hiyo yako.

Sasa na mimi nikuulize. Barua yako imeandikwa na Tumpe. Mwandiko wake naujua, ndio huo wa kadi za Krismasi, herufi za duara kama mayai. Wewe unaandika kwa kukandamiza hadi karatasi inatoboka. Tangu lini unaandikiwa?

Nisalimie watoto. Mkae salama.

Dada yako,
Faustina


Uyole, Mbeya
18 Agosti 2024

Dada Faustina,

Salamu za Jumapili kutoka kwetu sote. Mtoto ameacha kukohoa. Tumpe amepanda mbogamboga nyuma ya nyumba na kuku wa jirani wamezila, ila yeye na jirani wameshasuluhishana. Nashukuru kusikia Baba anakula. Umesema anaota jua. Hilo limenifurahisha, nimemwona kabisa na lile koti lake la kijivu, akisahihisha madaftari ambayo hayapo.

Umeuliza habari ya mwandiko. Ni uchovu tu. Kazi ya mashine wakati wa msimu unaijua, jioni mikono inatetemeka, ndiyo maana namwomba Tumpe anisaidie. Usilikuze jambo hili.

Filimbi imefika, asante. Ina sauti safi. Lakini matundu yake bado yako mbali, hasa yale ya chini. Nimejaribu wiki nzima. Kama kuna nyingine ndogo zaidi, hata ile ndogo kabisa waliyokuwa wanaanzia watoto wa darasa la tatu, naomba hiyo. Najua utacheka, mtu mzima na ndevu zake kupiga filimbi ya darasa la tatu. Cheka, halafu itume.

Kwaya nimewaambia nina kifua. Mwenyekiti wa kigango, mzee Anania, amekuja nyumbani kuniona. Akakaa, akanywa chai, akaniangalia, akaondoka bila kuuliza kitu. Watu wengine wana busara.

Naishia hapo, mkono wa mwandishi wangu nao umechoka.

Vitus

Wifi, ni mimi Tumpe. Mimi naandika anachosema. Asichosema sina ruhusa. Ndaga, asante kwa kitenge ulichonitumia, kimenikaa vizuri.


Mlandege, Iringa
15 Septemba 2024

Vitus,

Nakusalimu. Sisi tupo. Wiki hii ninaandika kabla ya kula kwa sababu nikila nitalala.

Juzi nilikuwa sokoni kutafuta vifungo. Nikakutana na Sifaeli, yule mfanyabiashara wa mpunga anayepeleka mzigo Chimala, aliyesoma na wewe. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaona aibu, akaanza kuzungumzia bei ya magunia, nikamshika mkono wa shati nikamwambia simwachii. Ndipo akaniambia. Vidole viwili vimekatika, Vitus, tangu mwezi wa Juni. Mashine yote ya Chimala inajua, na abiria wanaopita njia hiyo wanajua, ila dada yako anatumiwa parachichi.

Sijakasirika kama unavyodhani. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti cha cherehani, na kitu nilichofikiria ni kwamba sina nguvu ya kukasirika. Nimekuwa hivyo siku hizi. Jambo linakuja, naliangalia, naendelea kushona.

Baadaye nilitoa filimbi zote nikazipanga kitandani kwangu, nikakunja vidole viwili vya mkono wa kulia nikazishika moja moja. Sijui kupiga, lakini nimejua kushika. Hii ninayokutumia ni ndogo kuliko zote, imeandikwa jina la mtoto ubavuni kwa msumari, halisomeki vizuri. Kwa hii, kidole changu cha kati nikikilaza mshazari kinafika hadi tundu la mwisho. Mikono yako ni mikubwa kuliko yangu, kwa hiyo nadhani itakufaa.

Baba sijamwambia. Hajambo.

Andika mwenyewe. Hata iwe mistari miwili. Nitasoma tu.

Faustina


Uyole, Mbeya
13 Oktoba 2024

Dada yangu,

Samahani kwa herufi hizi, naona zinatembea kama walevi. Ni mimi mwenyewe nimeshika kalamu. Watoto wanakusalimu, Tumpe anakusalimu na anasema sasa anaweza kulala.

Ilikuwa katikati ya msimu. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu na wenye mpunga walikuwa wanalala juu ya magunia yao. Mkanda wa mashine ulikuwa unateleza. Wote tuna tabia ya kuusukuma kwa mkono huku mashine inazunguka, nami nimefanya hivyo tangu nilipoajiriwa. Siku hiyo nilivaa sweta kwa sababu ya baridi, na mkono wa sweta ulikuwa umelegea. Mkanda ukaudaka. Maumivu sikuyasikia kwanza. Nilisikia watu wamenyamaza, halafu mtu akazima injini, na ukimya ule ndio ulionitisha. Kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Kidonda kimepona. Pale kazini wamenihamishia kwenye mizani, napima magunia.

Kwa nini sikusema: nilijua ungemwambia Baba, na Baba angeniuliza kitu kimoja tu: filimbi.

Kwa sababu hukufundishwa, ngoja nikueleze. Filimbi ina matundu sita. Ukiyaziba yote unapata do ya chini, na tundu la mwisho kazi yake ni ya kidole cha pete. Kwa hiyo kwenye filimbi ndefu nina re, mi, fa na kuendelea juu hadi mwisho, hakuna kilichoharibika. Kilichopotea ni do. Na karibu kila wimbo wa Baba unarudi kukaa kwenye do. Nikipiga sasa ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani na ngazi ya mwisho haipo. Nilijaribu kuliziba tundu hilo kwa nta ya mshumaa. Do ikarudi, re ikaondoka.

Hii ndogo yako inafanya kazi. Ulikisia sawasawa, kidole cha kati kinalala na kuziba matundu mawili. Noti zote ninazo. Ila sauti yake, dada, ni kama askari wa barabarani ameudhika. Mbwa wa jirani anaondoka. Naipiga kwa sababu inakamilika, siipigi kwa sababu naipenda.

Na sasa nisikilize. Sifaeli alivyorudi huku alinieleza kwamba mlionana. Akanieleza na jingine. Anasema mwezi wa nane alimwona Baba, Mwalimu Marcelino wake wa zamani, barabarani, mbali na nyumbani, peku, na alipomsalimu hakumjua. Mimi nimeandika yangu. Andika yako.

Vitus


Mlandege, Iringa
10 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Mvua bado. Vumbi limejaa hadi kwenye sindano. Anjela amepata sehemu ya kufanya mazoezi ya kazi huko huko Dodoma, kwa hiyo Krismasi hatakuja.

Nilianza barua hii mara kadhaa nikaiacha. Sikutaka ujue kwa sababu ungekuja mbio, na ukija mbio utakaa siku chache, utalia, utaondoka, nami nitabaki na Baba pamoja na kilio chako.

Baba hanijui. Ameanza tangu Pasaka. Mwanzoni alikosea jina akaniita kwa jina la Mama, nikaona ni kawaida. Sasa ananiita binti, ananiuliza kwetu ni wapi na nitarudi lini kwa wazazi wangu, kwa sababu si vizuri msichana kufanya kazi za watu bila kwenda kusalimia kwao. Anauliza kwa upole kabisa. Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau wa uzee, hauna sindano.

Anatoka. Nikienda chooni anatoka. Mwezi wa tisa alikwenda hadi shuleni, akaingia kwenye paredi ya asubuhi, akawapanga watoto wa watu mistari na kuwaambia wanyooshe viwiko. Watoto walimtii. Mwalimu wa zamu alikuwa ananisimulia huku anafuta machozi, nami nilikuwa natafuta viatu vya Baba. Tangu hapo nafunga mlango kwa kufuli nikiwa na kazi ya wateja. Anagonga. Kuna wakati namsikia anagonga na siinuki, Vitus. Nakaa tu na kaptula ya mtu mapajani.

Jambo jingine. Jioni anachukua chochote kirefu, mwiko, fimbo, juzi ilikuwa mswaki, anakiweka mdomoni na vidole vyake vinatembea. Ananiuliza yule kijana wa filimbi ndefu amekwenda wapi, maana bendi haiwezi kuanza bila yeye. Jina lako hana. Ana filimbi yako tu. Nilijaribu kumpulizia moja ya zile za sandukuni, akanitazama kwa huruma akasema, "Binti, hiyo siyo, rudisha."

Sikuombi uje. Nakuandikia ilivyo, kama ulivyoniandikia ilivyo.

Nimechoka. Nimeandika neno hilo na naliangalia. Ni neno fupi sana.

Faustina


Uyole, Mbeya
26 Januari 2025

Dada Faustina,

Tulifika salama, mimi na Baba, na nyumba ndiyo kwanza imetulia kidogo, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Baba alilala karibu njia nzima. Tulipofika Rujewa aliamka, akaona ng'ombe wanavuka, akauliza ni wa nani. Tumpe amempa kitanda cha dirishani na anamwita tata, kama wanavyoita baba kwao, naye anaitikia.

Kuna jambo nililolibeba kutoka Iringa bila kukueleza. Jumapili ile ya kwanza nilipofika, wewe ulikwenda misa, mara yako ya kwanza baada ya muda mrefu. Uliporudi ulitukuta tumekaa, nami sikukusimulia. Sasa nasema.

Ulipotoka, Baba aliniuliza kama nimekuja kutengeneza paa. Nikamwambia ndiyo. Nilikuja na filimbi mbili, ndefu na ndogo, kwenye mfuko wa koti, nimejipanga kabisa: nitampigia hii ndogo, maana ina noti zote, na Baba hajawahi kuvumilia wimbo wenye kasoro. Nikapiga ule wimbo wake wa kuwaingiza watoto darasani. Sikufika hata katikati. Alijiziba masikio, akainuka, akaanza kuzunguka chumba akiuliza nani anamuumiza mtoto. Nikaacha. Nilimshika, akanisukuma. Ana nguvu bado, unajua.

Alipotulia nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu sikujua la kufanya. Nikatoa ile ndefu. Sikuitoa kwa ajili yake. Niliitoa kwa ajili yangu, mkono umezoea. Nikapiga wimbo ule ule, taratibu, nikijua mwisho wake haupo. Baba akasimama. Akageuza sikio. Nilipofika mwisho nikaacha kwenye re, kama ninavyoacha siku hizi, nikasubiri aniambie nimekosea.

Akaimba do. Kwa mdomo uliofungwa, chini kabisa, kwa sauti ile ya kifuani aliyokuwa anaitumia kutupa noti. Ilikaa sawasawa, si juu wala chini. Kisha akaja akakaa kwenye kiti kilicho karibu nami, akanitazama mkono. Alitazama mahali ambapo vidole havipo. Nilitaka kuuficha mkono na sikuuficha. Akasema, "Hapo pangu. Wewe niachie."

Tukarudia. Kila nilipofika mwisho aliweka do yake, na kila mara alikuwa anainua kidole kidogo kuniashiria nisimuingilie. Hanijui, dada. Uliporudi aliniita fundi tena. Lakini pale hakuna aliyekuwa anamwongopea mwenzake.

Ile ndogo nimempa mtoto. Mimi napiga ndefu. Hata kigangoni nimerudi nayo, na mzee Anania amewapanga waimbaji wa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, kunijazia mwisho, bila kunieleza kwamba anajua.

Ila usidhani nimemchukua Baba kwa sababu ya filimbi. Nimemchukua kwa sababu uliporudi kutoka misa ulikaa kwenye kiti, mkoba bado uko begani, ukalala hivyo hivyo. Nilikutazama. Una mvi nyingi kuliko Mama alivyokuwa nazo. Nikaona nimekaa huku nikificha vidole, wewe huko umeficha mtu mzima.

Huku naye anasumbua. Wiki iliyopita alifika kituo cha mabasi, akawapanga abiria mistari, wakajipanga. Tumpe amechoka lakini bado anacheka. Mimi nikitoka kwenye mizani nakaa naye. Siku nyingine do anaisahau. Basi tunakaa bila do.

Niandikie. Umelala?

Vitus


Mlandege, Iringa
9 Machi 2025

Mdogo wangu Vitus,

Asante kwa barua na kwa maparachichi, safari hii yamefika yameiva. Mvua sasa imetukumbuka, mahindi ya Paskalina yamefika kiunoni. Anjela alikuja siku mbili, akaondoka. Ulanzi umeanza kutoka kwenye mianzi, na jirani amenipa dumu dogo nimtumie Baba. Nimempa kondakta pamoja na barua hii. Mpe kikombe kimoja tu, mchana, ukiwa mbichi na mtamu bado, kwa sababu ukilala unamvuruga tumbo.

Nilisahau kukueleza mambo mengi siku ile mnaondoka. Uji asipewe wa moto, hapulizi. Akikataa kula, usimlazimishe, ondoka na sahani, rudi baada ya muda kama vile ndiyo kwanza unakuja. Akiuliza Mama yuko wapi, usimwambie amekufa, maana kila mara anasikia kwa mara ya kwanza. Mwambie amekwenda kanisani. Shati la mistari halipendi, sijui kwa nini. Kucha za miguu mkate akiwa amelala. Mwambie wifi yangu akimwona ananyamaza sana na kushika mkanda wa suruali, ampeleke chooni haraka. Na hasira zake zisiwaumize, zinapita, hajui anamkasirikia nani.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Hukufanya vibaya kuniambia. Nilivyofika kutoka misa siku ile niliona uso wa Baba umetulia nikadhani umempa dawa. Nimefurahi kwa ajili yako, na nimelia pia, kwa sababu miaka yote hii nimemlisha, na hakuna siku aliyowahi kuniambia, hapo pangu. Si kosa lako. Wala si lake. Nakuandikia ilivyo.

Umeuliza kama nimelala. Nimelala. Wiki za kwanza nilikuwa naamka kusikiliza mlango, kisha mwili ukaelewa. Sasa nalala mpaka Paskalina anagonga dirisha kuniuliza kama ni mzima. Mchana nafanya kazi mlango ukiwa wazi. Jumamosi nilikwenda sokoni nikakaa kwenye benchi la mama wa chai, sikununua kitu kingine, nikatazama watu wanapita, hakuna aliyenihitaji. Nilikaa hapo mpaka mama wa chai akaniuliza kama namsubiri mtu.

Watu wa jumuiya wananiuliza Mwalimu anarudi lini. Wanasema nyumba bila yeye ni ukiwa, lazima nimemkumbuka sana. Naitikia tu, kwa sababu wanatarajia niitikie. Kwako sitaitikia. Umesema kwenye simu kwa Anjela kwamba mnaweza kumleta baada ya Pasaka. Usimlete, Vitus. Bado sijaanza kumkumbuka. Nikianza, nitapanda basi mwenyewe nije.

Dada yako,
Faustina